Utangulizi: Elimu ya Kusimama

Katika njia ya Khumbu, nchini Nepal, mpagazi huwa na fimbo fupi nene iitwayo tokma. Juu yake pana kipande cha mti kilicholazwa kama herufi T. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani ni mkongojo wa kupandia mlima. Kisha, chini ya mwinuko mrefu wa Namche, nikamwona kijana mmoja akisimama, akaipeleka fimbo nyuma ya mgongo, akaikita ardhini na kuliegesha tenga lake juu yake. Mzigo haukushuka. Ukanda uliokuwa umelibana paji la uso wake ukalegea, shingo ikapata nafuu, akatoa pumzi kwa mluzi mwembamba uliopita kati ya meno. Akakaa hivyo kwa muda wa kunywa funda mbili za maji, halafu akaendelea. Hatua kadhaa mbele akasimama tena. Sisi wenye mifuko midogo tulimpita, tena kwa haraka. Jioni, nikiwa nimejilaza huko Namche na kichwa kinanigonga, nilimwona dirishani akipita na tenga lake, kwa mwendo ule ule.

Utangulizi huu ni wa msomaji anayetaka kuingia katika elimu ya njia za milima mirefu, hasa yule anayejiuliza maana ya kutembea kwa kujitegemea mahali ambapo mbele yako na nyuma yako pamejaa watu. Nimeanza na fimbo kwa makusudi. Madaktari wataieleza elimu hii kwa damu na mapafu, wanauchumi kwa vitanda na nauli, wanaanthropolojia kwa ukoo na dini. Wote wana haki yao. Lakini baada ya miaka mingi ya kuzisoma kazi zao na kutembea njia zenyewe, naona wote wanazungumzia jambo moja: kusimama. Nani anaweza kusimama mlimani, wapi, kwa muda gani, na gharama ya kusimama kwake inamwangukia nani. Karibu, basi, uingie kwa mlango huu.

Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango wa mizigo. Nikiwa mwanafunzi, wakati wa likizo, nilifanya kazi ya ugumu Kilimanjaro, njia ya Marangu. Wasomaji wa Moshi na Arusha hawahitaji kuelezwa neno hilo. Kwa wengine, mgumu ni yule anayebeba chakula, majiko na mabegi ya wageni. Siku ya kwanza tunalala Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Ya pili Horombo, 3,720. Ya tatu Kibo, 4,720, na usiku huo huo mgeni anaamshwa kuelekea Uhuru, 5,895. Njia nzima utasikia “pole pole, pole pole”, na waongozaji wanalisema kwa moyo, maana wameshawashusha wagonjwa wengi kwa machela. Lakini tazama hizo namba. Kila usiku kitanda kinapanda kilomita nzima. Miguu inakwenda pole pole, ratiba inakimbia. Sikuliona hilo nilipokuwa na mzigo kichwani. Nililiona miaka mingi baadaye, upande wa pili wa dunia, nilipokuta watu wanaoambiana “bistarai, bistarai”, ambalo ni hilo hilo neno letu kwa Kinepali, lakini wanaolala usiku mbili mahali pamoja kabla ya kupanda tena.

Kwa nini Khumbu, wakati tuna mlima wetu? Kwa sababu Kilimanjaro hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, hivyo swali la kujitegemea linakatwa getini. Khumbu swali hilo liko wazi. Mgeni anaweza kutua Lukla, mita 2,860, kwenye kiwanja kifupi kilichojengwa mwaka 1964 kwa juhudi za Edmund Hillary, akavaa begi lake, akatembea hadi kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, akilala gesti moja baada ya nyingine: Namche, Tengboche, Dingboche, Lobuche, Gorak Shep. Hakuna hema wala mpishi wa kwake. Mwaka 2023, kuanzia tarehe 1 Aprili, bodi ya utalii ya Nepal iliagiza kila mgeni atembee na mwongozaji. Halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu ikasema kwake agizo hilo halitatumika. (Halmashauri hiyo ina jina la Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, mwaka 1993, ambaye hakurudi akiwa hai. Inafaa kulikumbuka jina lake kila unapogonga muhuri wa kibali.)

Njia hii haikuwa na wageni hata kidogo kabla ya mwaka 1950, walipofika wapanda milima Bill Tilman, Charles Houston na wenzao wachache. Mwaka 1964 afisa mstaafu wa jeshi, James Roberts, alianzisha Kathmandu kampuni ya kwanza ya kuwatembeza wageni milimani. Siku hizi hupita watu zaidi ya 50,000 kwa mwaka, na wengi wao hubanana katika misimu miwili, Oktoba na Novemba, kisha Machi hadi Mei. Kwenye madaraja ya kuning'inia hukutana misafara ya wageni, wapagazi, na wanyama chotara wa yaki na ng'ombe wenye kengele shingoni. Mnyama akiingia darajani, binadamu anasubiri. Unajifunza upesi kusimama upande wa mlima na si upande wa bonde, maana mnyama mwenye mitungi ya gesi ubavuni hapunguzi mwendo kwa ajili yako.

Sasa tuingie mwilini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila mwili mengine yote hayaeleweki.

Watu wengi hudhani kwamba juu mlimani oksijeni ni haba hewani. Sivyo. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, karibu asilimia 21, ufukweni Bagamoyo na kileleni Uhuru. Kinachopungua ni kanieneo, ile nguvu inayoisukuma hewa iingie katika damu. Kwenye kambi ya chini ya Everest kanieneo ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mwili hujibu papo hapo kwa kupumua zaidi. Lakini kupumua zaidi kunaitoa kaboni dioksidi kupita kiasi, damu inaelekea upande wa alkali, na ubongo unaamuru pumzi ipunguzwe. Figo ndizo zinazosuluhisha ugomvi huo, kwa kuitoa alkali kwenye mkojo, nazo hufanya kazi kwa siku, si kwa saa. Hiyo ndiyo sababu hakuna ushujaa unaoweza kuchukua nafasi ya usiku wa pili mahali pamoja. Kijana mwenye kifua cha mkimbiaji na mama wa miaka sitini wana figo zinazohitaji muda ule ule, na mara nyingi ni kijana anayeugua, kwa sababu miguu yake humfikisha mahali ambapo figo zake bado hazijafika.

Elimu hii imejengwa taratibu. José de Acosta, padri Mhispania, aliandika mwaka 1590 jinsi alivyougua akivuka milima ya Andes, na akashuku kwamba hewa ya huko ni nyembamba mno kwa pumzi ya binadamu. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alithibitisha kwamba kosa ni la kanieneo ya oksijeni. Mwaka 1913 Thomas Ravenhill, daktari wa migodini nchini Chile, alitenganisha namna tatu za ugonjwa: ule wa kawaida wa kichwa na kichefuchefu, ule unaoshambulia kifua na ule unaoshambulia ubongo. Maandishi yake yakasahaulika kwa miaka mingi, nami huwaambia wanafunzi wangu kwamba kusahaulika huko kuligharimu uhai wa watu, kwa sababu madaktari waliendelea kuuita ugonjwa wa mapafu ya mlimani nimonia na kuwaacha wagonjwa juu badala ya kuwateremsha.

Kwa njia ya Khumbu yenyewe, kazi ya msingi ni ya Peter Hackett na Drummond Rennie. Mwaka 1975 walikaa Pheriche, mita 4,243, wakawachunguza wapitaji 278. Zaidi kidogo ya nusu, asilimia 53, walikuwa na dalili za maradhi ya mwinuko, na walioruka kwa ndege hadi Lukla waliugua zaidi kuliko waliotembea tangu mabondeni. Hadi leo kituo cha afya cha Pheriche hutoa somo la mchana kwa wapitaji wakati wa msimu, na msingi wa somo hilo ni mambo matatu yanayoweza kuandikwa kiganjani: ukiumwa juu, hesabu kuwa ni mwinuko hadi ijulikane vinginevyo, ukiwa na dalili, usipande kulala juu zaidi, ukizidiwa, shuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ongeza kanuni moja ya namba: ukishapita mita 3,000, kitanda chako kisipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne ulale mara mbili mahali pamoja.

Kanuni ni nyepesi. Basi kwa nini watu wanaendelea kuugua katika njia ambayo kila ukuta wa gesti una bango linaloieleza? Hapa ndipo elimu yetu inapoachana na udaktari mtupu, na hapa ndipo umati unapoingia.

Nilikuwa Dingboche, mita 4,410, mwezi wa Oktoba. Kichwa kilikuwa kimeniuma tangu asubuhi ya jana yake. Saa kumi na moja alfajiri ukumbi ulijaa watu wanaofunga mifuko kwa taa za kichwani, na habari ilikuwa moja tu: Lobuche vitanda vimekwisha, anayechelewa atalala chini ya meza. Gesti za Lobuche ni chache, na waongozaji wa makundi huwa wamepiga simu tangu jana. Mimi sikuwa na mtu wa kunipigia. Nikajikuta nafunga mfuko. Mama mwenye gesti, ambaye sote tulimwita didi, yaani dada mkubwa, alikuwa akisukumia mavi makavu ya yaki ndani ya jiko la bati. Akanitazama nilivyoegemea ukuta ili nifunge kamba za viatu. Hakusema neno la kitabibu. Alionyesha mstari kati ya mbao mbili za sakafu akaniambia niutembee, kisigino mbele ya vidole. Nikautembea, nikayumba kidogo mara moja. Akaichukua funguo ya chumba changu mezani, akaniwekea mkononi. Nililala hapo usiku mwingine, na siku ya pili yake nikapanda nikiwa mzima.

Kipimo kile cha mstari ni cha kitabibu kweli. Kuyumba ni dalili ya mwanzo ya ubongo kuvimba, na mwenye kuyumba sana hapaswi kulala hapo, anapaswa kushuka. Ninachotaka ukione ni funguo. Niliweza kusimama kwa sababu chumba kilikuwapo na sikuwa na ratiba ya mtu mwingine. Wenzangu wawili waliokuwa na kundi, ambao nao walikiri juu ya chai kwamba vichwa vinawauma, walipanda, kwa sababu kundi lilikuwa linapanda. Mmoja wao alinipita siku iliyofuata akiwa juu ya farasi, akishushwa.

Daktari David Shlim, aliyefanya kazi Kathmandu kwa miaka mingi, alichunguza pamoja na mwenzake vifo vya watembeaji wa Nepal vya miaka ya 1987 hadi 1991. Kati ya waliouawa na maradhi ya mwinuko, sehemu kubwa walikuwa katika makundi yaliyoandaliwa na kampuni, ingawa makundi hayo yalikuwa chini ya nusu ya watembeaji wote. Matokeo haya hushtua kila mwanafunzi ninayemfundisha, kwa kuwa tunadhani mwenye mwongozaji ndiye salama. Mwongozaji mzuri ni salama kweli; nimefanya kazi chini yao na ninawaheshimu. Kinachoua ni tarehe ya ndege ya kurudi iliyolipiwa miezi sita kabla, na aibu ya kuwachelewesha watu kumi na wawili. Mtu akiwa peke yake hana wa kumwonea aibu. Lakini pia hana wa kumwona anavyoyumba, na hatari hiyo ni ya kweli: ubongo unaovimba hauwezi kujitambua kwamba unavimba. Kwa hiyo simshauri mtu yeyote atembee bila macho ya mwingine juu yake. Nasema tu kwamba kujitegemea mlimani hakupimwi kwa kutokuwa na mwenzako. Mwenye kujitegemea ni yule ambaye siku zake ziko mikononi mwake.

Tukiutazama uhuru wa kusimama hivyo, swali linamgeukia mpagazi mara moja.

Mwaka 2005 Norman Heglund na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa wapagazi wa Nepal. Walijiweka njiani siku ya kuelekea soko la Namche, wakahesabu wanaume 545, wanawake 97 na yaki 32. Mizigo ya wanaume ilikuwa kwa wastani asilimia 93 ya uzito wa miili yao. Ya wanawake, 66. Kwa mizigo mizito hivyo walitumia nguvu kidogo kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kupimwa. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuisoma kazi hii, kwa kuwa mizizi yake iko Kenya. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi, pamoja na Heglund huyo huyo na wengine, walionyesha kwamba wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso wanaweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu asiye na kitu. Ukanda ule wa Kikuyu, mukwa, na ukanda wa Nepal, namlo, ni kitu kimoja kilichobuniwa mara mbili. Nilipomwonyesha mzee mmoja wa Khumbu picha ya mama wa Kikuyu na mzigo wa kuni, aliweka kidole kwenye paji la uso la yule mama, kisha kwenye lake, penye kovu laini la miaka mingi.

Siri ya wapagazi wa Nepal, kwa kadiri inavyoonekana, ni mwendo wa taratibu, saa nyingi kwa siku, na kusimama mara nyingi mno. Tokma ni chombo cha kusimamia. Hapo mwili wa mpagazi una hekima ambayo mgeni mwenye viatu vya bei hana. Lakini hekima ya hatua haina nguvu juu ya mkataba. Mpagazi anayelipwa kwa safari au kwa kilo hawezi kulala usiku wa pili kwa sababu kichwa kinamuuma. Usiku huo ataulipia mwenyewe. Na wengi wanaobeba Khumbu si Washerpa. Sherpa ni kabila, watu ambao mababu zao walitoka Tibet na kurithisha damu iliyozoea urefu. Si jina la kazi. Anayebeba begi lako huenda ni Mrai au Mtamang kutoka mabonde ya chini, ambaye huugua kama wewe. Mwaka 1997 kijana mpagazi alikufa kwa maradhi ya mwinuko baada ya kuachwa ashuke peke yake, na kifo chake ndicho kilichozaa shirika la kimataifa la kuwatetea wapagazi. Kilimanjaro nako, tangu mwaka 2003, kuna mradi wa kuwasaidia wagumu, unaosimamia kikomo cha kilo 20. Nilipobeba mimi, mizani ilikuwapo getini, na baada ya geti mizigo iligawanywa upya.

Kuhusu maisha ya Washerpa wenyewe nitapita haraka, kwa kuwa wapo walioyaeleza vizuri kuliko mimi. Soma Christoph von Fürer-Haimendorf kwa Khumbu ya kabla ya utalii, James Fisher kwa mabadiliko yaliyoletwa na shule na kiwanja cha ndege, na Sherry Ortner kwa uhusiano wa mpandaji na Msherpa kifoni. Wasome kwa mpangilio huo.

Lakini kabla ya vitabu, nenda ukakae chini. Kando ya njia nyingi za Nepal kuna kuta fupi za mawe ziitwazo chautara, zenye ukingo uliopimwa kwa urefu wa mgongo wa mtu aliyebeba, ili tenga likae juu yake bila kuvuliwa. Familia huzijenga kwa thawabu, mara nyingi kwa kumbukumbu ya marehemu wao. Chukua daftari, saa, na nguo nzito. Chagua mahali penye mawe ya kupumzikia chini ya mwinuko wa Namche, kabla mita 600 za kupanda hazijaanza, uwe hapo saa moja asubuhi siku ya kuelekea soko. Usihesabu wanaopita, wameshahesabiwa. Andika kila anayesimama: ana nini mgongoni, amesimama kwa pumzi ngapi, na ni nani, au ni kitu gani, kilichomwambia aendelee.